Kompyuta ya nyumbani imegoma kuwaka: maswali tunayoulizwa kila mara mezani kwetu Ngamiani

Maswali haya yanaletwa na wateja wa Tanga mjini, wengine wa Muheza na Pangani, mengi kwa simu jioni umeme ukisharudi. Tumeyaandika kama yanavyoulizwa. Majibu ni ya mtu aliye nyumbani na bisibisi ya nyota, tochi ya simu na subira kidogo. Ukiwa na haraka, soma la kwanza na lile la kufomati, mengine utayarudia yakikuhusu.

Fundi, kompyuta haiwaki. Nianzie wapi?

Anza kwa kuangalia inaishia wapi. Mashine iliyo kimya kabisa, bila taa wala feni, ina shida ya umeme au pawasaplai (kisanduku cha ndani kinachoigawia kompyuta umeme). Ikiwa feni inazunguka na taa inawaka ila kioo ni cheusi, mara nyingi ni RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), kebo ya monita au madabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote). Na ile inayoonyesha nembo ya Dell au HP kisha ikakwama imeshawaka, shida yake iko kwenye diski (inapohifadhi mafaili) au kwenye Windows.

Ukitupigia na kusema tu "imekufa", tutakuuliza haya haya. Ukitwambia "feni inazunguka, taa ya mbele ina rangi ya chungwa, kioo hakina kitu", tumeshafika nusu ya safari kabla hujaibeba.

Nabonyeza kitufe, kimya kabisa. Imeungua?

Pengine. Lakini kwanza itoe kompyuta kwenye ekstensheni, uichomeke moja kwa moja ukutani. Ekstensheni nyingi za majumbani zimelegea ndani: redio inawaka, kompyuta inayovuta umeme mwingi zaidi haiwaki.

Kisha geuza kasha la kompyuta utazame nyuma, pale waya unapoingia. Mashine nyingi zina swichi ndogo yenye alama ya mstari na duara. Iwe kwenye mstari. Watoto wanaichezea, na anayefagia nyuma ya meza anaigonga bila kujua. Ukiona swichi nyingine nyekundu iliyoandikwa 115 na 230, iache kwenye 230, maana umeme wetu ni wa volti 230. Ukiipeleka 115 hapa Tanzania utasikia mlio kama wa baruti, na pawasaplai hiyo ndiyo imekwenda.

Sasa jaribu waya. Waya wa umeme wa monita na wa kasha kwa kawaida ni wa aina moja, hivyo kama monita inawaka, chukua waya wake uuchomeke kwenye kasha. Mtu asije akanunua pawasaplai nzima kumbe waya ndio umekatika ndani.

Ikiwa bado, chomoa waya wa umeme kabisa, shikilia kitufe cha kuwashia kama sekunde 30, kisha rudisha waya na ujaribu tena. Hii inamaliza umeme uliobaki kwenye saketi. Mashine iliyojifunga baada ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo huamka kwa njia hii mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Nimeona kwenye video wanaunganisha waya wa kijani na mweusi. Ni salama?

Kipimo hicho ni cha kweli. Kwenye soketi kubwa ya pini 24 inayotoka kwenye pawasaplai, waya wa kijani ukikutanishwa na mweusi, pawasaplai inaamriwa kuwaka bila madabodi. Chomoa kwanza umeme na soketi yenyewe kutoka kwenye madabodi, tumia kipande cha waya, ndipo urudishe umeme. Feni yake isipozunguka kabisa, kuna uwezekano mkubwa imekufa.

Ila feni kuzunguka hakumaanishi pawasaplai ni nzima. Mafundi wengi wa vichochoroni wanaishia hapo. Pima kwa mita ya kupimia volti: waya wa njano uwe kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, na wa rangi ya chungwa karibu na 3.3. Ikitoa 10.8 kwenye ule wa njano, feni itazunguka vizuri na kompyuta haitawaka.

Tahadhari moja kwa wenye mashine nyembamba za ofisini zilizotumika, zile zinazoletwa kutoka Uingereza na Dubai: Dell OptiPlex, HP na Lenovo nyingi za aina hiyo hazitumii pawasaplai ya kawaida. Umbo ni tofauti, soketi ni tofauti, nyingine hazina hata pini 24, na kipimo hiki cha rangi za waya hakizihusu. Usinunue dukani kwa kukadiria kwa macho. Ifungue, nenda nayo mkononi.

Naweza kuifungua pawasaplai yenyewe niisafishe ndani?

Hapana. Ndani kuna kapasita kubwa inayobeba zaidi ya volti 300 za umeme wa moja kwa moja, na inaweza kubaki nazo hata baada ya kuchomoa waya. Pulizia vumbi kutoka nje, basi.

Wala usishangae fundi akifungua akakuta mjusi kafiri amekaukia humo. Wanapenda joto la pale ndani, wanaingia kupitia matundu ya nyuma, na siku mmoja anapogusa pini mbili kwa pamoja, yeye na pawasaplai wanaondoka siku hiyo hiyo. Tundu lolote lililo wazi nyuma ya kasha lizibe kwa kibati chake.

Inawaka, feni inalia, lakini kioo cheusi. Monita au kompyuta?

Chomoa kebo ya picha kwenye kompyuta huku monita ikiwa inawaka. Ikiandika ujumbe wa kwamba haipati mawimbi, monita ni nzima. Tazama pia umeichomeka wapi. Kama kompyuta ina kadi ya picha ya kuongezwa, yenye matundu yake chini kidogo, kebo iende huko; tundu la juu la madabodi mara nyingi huwa limezimwa.

Hapo ikishindikana, tuhuma ya kwanza ni RAM, na hapa Tanga tunaituhumu kabla ya kitu kingine chochote.

Chomoa umeme. Laza kasha ubavu, ufungue kifuniko. Gusa chuma kitupu cha kasha ili umeme tuli wa mwilini uondoke, halafu bonyeza vishikizo vya pembeni mwa RAM, itaruka juu yenyewe. Ishike kwenye kingo. Sasa ipeleke penye mwanga: ule mstari wa meno ya dhahabu unapaswa kung'aa. Ukiona ukungu wa rangi ya kahawia au vidoa vya kijivu, umeshamkamata mwizi. Chukua raba nyeupe ya penseli, safi, usugue taratibu kwa kufuata urefu wa meno, pande zote mbili, mpaka yang'ae. Pangusa makombo ya raba kwa brashi kavu. Usitumie msasa hata ule laini, dhahabu ile ni nyembamba mno, ikitoka hairudi.

Tundu lenyewe lipulizie, ila usipulize kwa mdomo kwa sababu pumzi ina mate. Kisha rudisha RAM moja tu, ikandamize mpaka vishikizo vijifunge vyenyewe kwa sauti, uwashe. Ikiwa zipo mbili, jaribu moja moja, na kila moja kwenye kila tundu. Kazi inachosha, lakini ndiyo inayokuambia kama mbovu ni RAM au tundu.

Inapiga milio, au taa inapepesa. Ina maana?

Ina maana, na usiizime haraka. Hesabu. Kila mtengenezaji ana lugha yake, hivyo rekodi kwa simu na ututumie pamoja na jina la mashine. Kwa mfano, HP Compaq nyingi za zamani taa ikipepesa nyekundu mara 5 huku zikilia, zinalalamikia RAM. Mara 4 ni pawasaplai. Mashine nyingine nyingi za zamani zikilia mlio mmoja mrefu na miwili mifupi, ni upande wa picha.

Kwa nini mashine za huku zinaharibika mapema kuliko za ndugu yangu wa Lushoto?

Ni chumvi. Nyumba za Raskazone, Sahare na Mwambani zinapigwa na upepo wa bahari mwaka mzima, kusi na kaskazi. Matone madogo ya maji ya chumvi yanapita dirishani, yanakaa juu ya saketi na kukauka. Chumvi iliyobaki haitulii: unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 75, chumvi inavuta maji hewani na kuwa majimaji tena, na majimaji ya chumvi yanapitisha umeme. Masika kufikia unyevu huo si kazi. Ndiyo maana kompyuta iliyofungiwa chumba chenye madirisha ya bahari, ikakaa miezi bila kuwashwa, hugoma siku unayoihitaji.

Iwashe mara kwa mara, joto lake lenyewe linaikausha. Isikae moja kwa moja mbele ya dirisha wala chini sakafuni. Na ukiifunika kwa kitambaa, kiwe cha pamba, uifunike ikiwa imepoa. Mfuko wa nailoni unafungia unyevu ndani, afadhali uiache wazi.

Lushoto wana ukungu na baridi yao, ila ile si hewa ya bahari.

Inawaka vizuri, baada ya dakika chache inajizima yenyewe.

Joto. Feni ya proseza (chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta) imejaa vumbi, au grisi inayopitisha joto kati ya proseza na chuma cha kupozea imekauka ikawa unga. Safisha kwa brashi ya rangi iliyo kavu, ukiishikilia feni kwa kidole isizunguke. Grisi mpya inatosha kiasi cha punje ya mchele. Kama inajizima ndani ya sekunde moja au mbili na kuwaka tena, hiyo si joto, rudi kwenye pawasaplai na RAM.

Kila nikiwasha inaniambia nibonyeze F1, na saa imerudi miaka nyuma.

Betri ndogo ya madabodi imeisha. Inaitwa CR2032, ni ya volti 3, duara kama sarafu, na inauzwa hata kwa mafundi saa. Badilisha, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta, inayofunguka kabla ya Windows), weka tarehe.

Sasa kuna mtego. Betri ikiisha, mipangilio ya BIOS inarudi ya kiwandani, na pengine jinsi diski inavyosomwa inabadilika. Ukiona Windows haifunguki mara tu baada ya hapo, usiguse diski kwanza. Nenda BIOS utazame kama diski imewekwa AHCI au RAID (njia mbili za kuisoma), na kama kuwaka ni kwa UEFI, yaani mtindo mpya, au kwa mtindo wa zamani. Rudisha ilivyokuwa na kila kitu kitakuwa mahali pake. Tumeona watu wakifutiwa kila kitu kwa sababu ya betri hii.

Nembo ya Windows inatokea, vidoti vinazunguka, haifiki popote.

Chomoa kila kitu cha USB isipokuwa kibodi na kipanya. Flashi iliyosahaulika nyuma ya kasha inatosha kuikwamisha. Washa tena na uipe muda, hasa kama jana yake ilikuwa ikisasisha. Diski ya kuzunguka, ile ya mtindo wa zamani yenye sahani ndani, inaweza kukaa nusu saa na zaidi.

Ikikataa, Windows 10 na 11 ikishindwa kuwaka mara tatu mfululizo huleta yenyewe ukurasa wa matengenezo. Humo anza na "Startup Repair", yaani kurekebisha kuwaka. Pili, ondoa sasisho la mwisho. Tatu, ingia hali salama, ile inayowasha Windows na vitu vichache tu. Ikifunguka hapo, tatizo ni programu au draiva (programu inayoendesha kifaa) uliyoweka karibuni. Amri ya chkdsk, ya kukagua diski, inasaidia pale umeme ulipokatika katikati ya kazi, lakini usiitumie kwenye diski inayotoa sauti za ajabu. Itaisugua mpaka imalizike.

Inasema haioni diski.

Fungua kasha, chomoa kebo nyembamba ya SATA (inayounganisha diski na madabodi) na ile ya umeme, rudisha. Badilisha kebo ukiwa nayo nyingine. Angalia BIOS kama jina la diski linatokea. Likitokea, huenda mpangilio wa kuwashia umevurugika na mashine inatafuta Windows mahali pengine. Lisipotokea, tega sikio.

Diski ya kuzunguka inayogonga "ta, ta, ta" kwa mpigo mmoja, izime. Izime sasa hivi. Kile ni kichwa kinachotafuta njia na kushindwa, na kila unapowasha kuona kama imepona unazidi kukwaruza picha za harusi na hesabu za duka. Usiipige kofi, usiiweke kwenye friji. Ilete ilivyo.

Fundi mmoja ameniambia dawa ni kufomati. Nikubali?

Muulize ameangalia nini kabla ya kufika hapo. Kufomati kunafuta mafaili, na hakutengenezi RAM yenye kutu, pawasaplai dhaifu wala diski inayokufa. Kunapendwa kwa sababu ni kazi ya saa moja isiyohitaji kufikiri, na mteja anaona Windows mpya inang'aa. Wiki mbili baadaye mashine inagoma tena, na safari hii picha hazipo.

Utaratibu wetu ni mafaili kwanza. Diski inatolewa na kuchomekwa kwenye mashine nyingine kama diski ya nje, au tunawasha kompyuta kwa flashi yenye Linux Mint au Ubuntu (mifumo ya Linux, inayofanya kazi badala ya Windows), mafaili yananakiliwa, mteja anayafungua mwenyewe mbele yetu aone yapo. Ndipo tunazungumza habari ya kupiga Windows upya. Hata nyumbani unaweza kutengeneza flashi ya Linux kwa kompyuta ya jirani. Flashi ya GB 8 inatosha. Linux ikikuonyesha mafaili ikakataa kuandika chochote kwenye diski, usihofu, Windows haikuzimwa vizuri ndiyo maana. Kusoma na kunakili kunatosha.

Na neno "tengeneza tu fundi, mafaili si muhimu" tunaliogopa. Mwenye nayo akisema hivyo, mara nyingi kuna mtoto mwenye ripoti ya chuo humo ndani. Ulizeni nyumba nzima.

Inaniomba namba ndefu ya tarakimu 48.

Huo ni ufunguo wa BitLocker, kufuli ya diski. Hutokea baada ya kubadilisha kitu kwenye BIOS au madabodi. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa simu, utafute funguo za vifaa vyako. Kama kompyuta ilikuwa ya ofisi, ufunguo wanao wao. Hakuna fundi anayeukisia, na anayedai anaweza anataka hela yako.

Yangu ni laptopu. Ni hayo hayo?

Karibu yote. Chomoa chaja, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe nusu dakika, kisha washa kwa chaja peke yake. Ikiwaka, huenda betri ndiyo mbaya. Kioo kikiwa cheusi, mulika tochi kwa pembeni: ukiona picha hafifu sana, mashine ni nzima na taa ya kioo ndiyo imezima. Au ichomeke kwenye televisheni kwa kebo ya HDMI.

Imemwagikiwa chai.

Zima kwa kushikilia kitufe, toa chaja na betri, ipindue. Usiiwashe "kujaribu". Mchele hausaidii, sukari ya chai haivutwi na mchele. Ilete siku hiyo hiyo, isafishwe kwa spiriti safi kabla haijaanza kutu.

Ninunue stebilaiza au UPS?

Stebilaiza inasawazisha umeme unaopanda na kushuka, ila ukikatika, kompyuta inazima nayo. UPS inakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa adabu. Kwa kompyuta ya mezani, UPS. Betri yake ya volti 12 huchoka baada ya miaka michache, na kwa joto la hapa mapema zaidi, hivyo ijaribu mara moja moja kwa kuchomoa ukutani. Laptopu ina betri yake tayari.

Radi ikianza kupiga, chomoa ukutani, na kebo ya intaneti pia. Radi haichagui waya.

Nitengeneze au ninunue nyingine?

RAM, betri, kebo, feni, pawasaplai ya kawaida: tengeneza. Diski: weka SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi), na kompyuta ya miaka kumi itakushangaza. Madabodi iliyoungua kwenye mashine ya zamani, tutakushauri uache, utoe RAM na diski uuze au uhifadhi. Kumbuka pia Windows 10 iliacha kutunzwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai kwa kawaida proseza ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Mtumba ulio chini ya hapo ununue kwa bei ya chini ya hapo, au uuwekee Linux.

Nikileta kwenu, nije na nini?

Kasha na waya wake wa umeme. Monita iache, labda kama ndiyo unayoituhumu. Laptopu njoo na chaja yake yenyewe, si ya kuazima. Ukija kwa bodaboda, kasha likae kwenye mapaja, diski ya kuzunguka haipendi mashimo. Toa flashi na laini za simu. Andika nywila kwenye karatasi kama unataka tufike hadi ndani ya Windows, uibadilishe ukirudi nyumbani. Na kama mtu mwingine ameshaifungua kabla yetu, tuambie alichogusa. Hatutakuuliza ni nani.